Maneno ya Mchukuzi

Longbridge, Birmingham
17 Desemba 2023

Mjomba Ontiri mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ambayo hata Gesare wangu, aliyezaliwa ndani yake, ameanza kuilaani. Sisi ni wazima. Gesare ameota meno mapya ya mbele na anaringa nayo dukani na kanisani. Kwa mengine ni yuleyule: namsemesha Kiswahili, anasikia kila kitu, halafu ananijibu kwa Kiingereza chake cha Birmingham. Baba yake anakusalimu.

Mama Kemunto ameniambia kwamba simu yako imetumbukia kwenye ndoo ya maziwa na kwamba kuanzia sasa unataka tuandikiane barua. Nilicheka. Wewe, Spika wa Keroka, mtu wa kuongea mpaka wageni wasahau kwao, umeamua kushika kalamu? Haya, mkeo akishasema ni lazima tuandike, tutaandika.

Sasa nikupe lililonikalisha mezani. Unajua nafanya kazi ya unesi katika nyumba ya wazee, hapa jirani na pale palipokuwa na kiwanda cha magari. Juzi tuliwafanyia wazee sherehe ya Krismasi, na meneja akaleta mtu wa kuwachangamsha, Mhindi mmoja mpole anayeitwa Dharmesh. Alikaa kwenye kiti, akapakata mwanasesere wa mbao mwenye nywele nyekundu, jina lake Stanley. Halafu yule mwanasesere akafungua mdomo akatusalimu.

Nilimkodolea Dharmesh macho, Mjomba. Mdomo wake ulikuwa umetulia, anatabasamu tu. Nilijua fika kwamba anayesema ni yeye, mimi si mtoto. Lakini sauti ilitoka kwenye mbao. Niliisikia ikitoka kwenye mbao kwa masikio haya haya uliyoyavuta nilipokuwa mtundu.

Nina mwenzangu kazini, Rosine, mama wa Kikongo kutoka Uvira. Stanley akamwambia kwamba kofia yake ni keki iliyokaliwa na mtu. Rosine akasimama. Wala hakumtazama Dharmesh. Akamnyooshea mwanasesere kidole: "We mutoto ya mbao, adabu yako iko wapi? Unazarau mama sawa mimi?" Stanley, ambaye Kiswahili hakijui, akainamisha kichwa na kuomba radhi. Rosine akamsamehe, akakaa, na mpaka leo anasema mtoto yule ana malezi mazuri.

Nilipokuwa nikimsaidia Dharmesh kubeba sanduku lake hadi kwenye gari, nilimuuliza anawezaje kuitupa sauti mbali namna ile. Akasema kila mtu humuuliza hivyo, na kila mtu hukosea. "Sauti haitupwi," akaniambia, akigusa koo lake. "Yangu haijawahi kutoka hapa. Mimi natuliza mdomo na kumtazama Stanley kama mtu anayemsikiliza. Ninyi ndio mnaoichukua sauti mkampelekea."

Tangu siku hiyo nakuwaza wewe. Nakuona kwenye ukumbi wa video pale nyuma ya soko, umekaa kando ya televisheni na maiki yako, umeizima sauti ya filamu, unawasemea wote: jambazi, askari, bibi harusi, mpaka mbwa. Wachina na Waitaliano, wote walisema Kiswahili cha Keroka. Lugha zao hukuzijua, nasi tulijua huzijui, na hakuna aliyekuuliza. Tulitoka pale tumelia na kucheka na watu ambao hatujawahi kusikia sauti zao.

Basi niambie wewe mwenye kazi. Ulikuwa unatutupia sauti, au sisi ndio tuliokuwa tunaibeba?

Mpwa wako,
Kwamboka

*

Keroka
28 Januari 2024

Kwako Kwamboka wa dada yangu Moraa,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa vibaya lakini maneno yote yalikuwemo. Tuko salama. Mahindi yametosha na nyani wamepata yao. Mama Kemunto amechaguliwa mweka hazina wa akina mama kanisani, na tangu siku hiyo nikitaka sukari ya pili kwenye chai lazima nitoe sababu. Kaburi la mama yako tumelifyekea. Lile ua la zambarau ulilolipanda mwaka ule ulipokuja limetambaa hadi kwenye ukuta, na wapita njia wanaomba vipande.

Huyo Mhindi wako namheshimu, maana anajua kazi. Lakini mwambie yeye ana mwanasesere mmoja, tena anampakata. Mimi nilikuwa na majeshi mazima ya Wachina, wanaruka juu ya mapaa, na sikumgusa hata mmoja. Mwambie pia kwamba Rosine ndiye mtazamaji ambaye mimi ningempa kiti cha bure maisha yake yote.

Swali lako ni la watu wenye nafasi. Nitalijibu nikiipata.

Ukumbini siendi sana siku hizi. Kila kijana ana simu yake, anatazama filamu peke yake na waya masikioni, anacheka peke yake, na mimi nikimwona nasikia huruma. Tena vumbi la kiangazi limeniingia kooni kidogo. Si kitu, nakunywa maji ya tangawizi.

Na usije ukamtuma mtu aniletee simu. Nimeupenda mtindo huu. Kwenye barua mtu hasikiki akikohoa.

Mjomba wako,
Ontiri, Spika aliye likizoni

*

Longbridge
3 Machi 2024

Mjomba,

Tunaendelea vizuri, ila Gesare alipatwa na tetekuwanga na nyumba nzima ikanuka dawa. Amepona. Rosine anakusalimu na anasema hicho kiti cha bure amekipokea.

Kabla sijasema nililotaka kusema: Jumapili nilipiga simu ya Mama Kemunto nikaomba kuongea nawe. Akasema umekwenda sokoni. Nyuma yake nilimsikia mtu akikohoa. Kikohozi hakitaji jina la mwenyewe, Mjomba, lakini mimi ni nesi. Jieleze.

Sasa sikia. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nasubiri treni nikaona tangazo la filamu limebandikwa ukutani, na kwenye tangazo uso wa mtu ninayemfahamu. Ana kofia iliyobonyea na masharubu yaliyokatwa upande. Nikasimama nikijiuliza ni mgonjwa wangu wa zamani au nani. Treni yangu ikaja, ikaondoka. Alikuwa ni Mchukuzi! Yule mzee wa kubeba mizigo stesheni, yule tuliyemlilia Keroka mpaka benchi zikalowa.

Filamu ilikuwa inaonyeshwa Selly Oak, kwenye chumba ambacho wanafunzi hukutana, na mtu yeyote alikaribishwa. Nikaenda. Vijana walikuwa wamejifunika mablanketi, na mimi na sare yangu ya kazini nikakaa nyuma. Kwa mara ya kwanza maishani niliisikia filamu ile kwa sauti yake yenyewe, na maandishi ya Kiingereza chini.

Ulitufunga kamba nyingi, Mjomba. Yule uliyesema ni mkwe mlevi, kumbe ni mkaguzi wa tiketi na hajaonja pombe. Yule mama uliyesema ni dada yake aliyelaaniwa, kumbe ni jirani tu amekuja kuazima chumvi. Nilicheka mpaka msichana wa pembeni akanitazama. Lakini kadiri tulivyokaribia kuagana kule stesheni, nilianza kujikaza. Nilitaka kusikia mzee anasemaje kwa lugha yake. Midomo yangu ilishaanza kuyaumba maneno.

Akaweka sanduku la binti yake ndani ya behewa. Akashuka. Akasimama, kofia mkononi. Binti akaanza kutembea kuelekea kiti chake. Na mzee hakusema kitu.

Hakusema kitu, Mjomba. Nilingoja. Chini hakukuwa na maandishi. Mdomo wake umefungwa tangu mwanzo hadi treni inaondoka.

Kwetu Keroka alisema. Alisema, "Nenda, mwanangu. Usigeuke kuniangalia, maana ukigeuka nitakuita urudi."

Unajua siku niliyosafiri, mama alinisindikiza hadi uwanja wa ndege wa Nairobi. Alisimama pale wanapowazuia wasindikizaji. Nilitembea na sikugeuka. Nilisikia macho yake mgongoni na sikugeuka, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa na Mchukuzi. Ningegeuka ningerudi, hilo nalijua. Nisingekuwa nesi, na Gesare asingekuwepo. Lakini mama nilimwona tena akiwa ndani ya jeneza. Miaka yote hii nikitaka kumshukuru mtu namshukuru yule mzee wa kofia, na nikitaka kumlaumu mtu namlaumu yeye huyohuyo. Sasa nimemwona ana kwa ana, na yeye hajawahi kuniambia lolote.

Sina hasira nawe. Kilichonishika ni kikubwa kuliko hasira na kinanitisha. Taa ziliwashwa, wanafunzi wakakunja mablanketi yao wakaondoka, nami nikabaki nimekaa. Mwangaza tu juu ya kitambaa na mzee aliyefunga mdomo. Maisha yangu yote yamegeukia pale. Nani aliniambia yale maneno?

Kwamboka

*

Keroka
14 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Mvua imeanza, na yule uliyeambiwa amekwenda sokoni amerudi salama. Tuyaache hayo. Gesare apakwe mafuta ya nazi, madoa yataisha. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, na mmoja anafanana na chifu, tumekubaliana tusilitangaze.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaichukua tena. Nitakujibu, na safari hii sitatania.

Unajua mimi sikuwahi kuitazama filamu kabla ya watu. Wenzangu wa miji mingine walikuwa wanafanya mazoezi nyumbani. Mimi nilisema ukishaujua mwisho utaanza kuwadanganya watu tangu mwanzo. Kanda inaingia, naketi, naona yanayotokea wakati uleule ninyi mnayaona, na nasema. Hivyo ile kanda ya Mchukuzi, iliyotoka Kisumu bila jalada, niliikuta kama mlivyoikuta.

Tulipofika stesheni nikaona mdomo wa mzee umefungwa. Kwa kazi yetu, mdomo ukifungwa wewe unapumzika, unakunywa chai. Nilishanyoosha mkono kuchukua kikombe. Halafu nikautazama ule uso. Nikamwambia kimoyomoyo: sema basi, mzee wangu, mtoto anaondoka. Nikasikia maneno yanatoka kwenye spika. Kwamboka, niliyasikia kama ulivyoyasikia wewe. Niliogopa. Nimetafuta miaka yote hii yalitoka wapi: kwa baba yetu hayakutoka, maana yeye alikuwa anatuaga kwa kikohozi, na kanisani sikuyasikia. Sijapata yalikotoka.

Mama yako alikuwa benchi la mbele, amekupakata. Tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniuliza, "Ontiri, yule mzee kasema kweli, au umemsemea?" Nikamwambia, "Sikumsemea. Nilimsemesha." Akacheka, akadhani nakwepa. Lakini lifikirie hilo neno. Ukiongea na mtu, unamsemesha. Ukimfanya mtu aseme, unamsemesha vilevile. Waliotuachia lugha hii hawakuona sababu ya kuyatenganisha mambo hayo mawili. Mimi nilimwambia sema, naye akasema. Kama kuna siri nyingine katika kazi yangu, mimi mwenyewe sikuonyeshwa.

Nikuongezee kisa. Baada ya muda nilijiona nimekuwa mtaalamu, nikabadilisha. Pale stesheni nikampa mzee maneno ya kanisani, Mungu akulinde, ufike salama. Ukumbi mzima ukasimama. "Hakusema hivyo!" Muuza mitumba mmoja akanirushia ganda la ndizi. Hebu tazama: mtu hakusema neno, aliyesema ni mimi, na watu wananikatalia mimi kwamba mtu yule hakusema hivyo. Na walikuwa na haki. Nikaomba radhi kwenye maiki, nikarudisha kanda nyuma, akasema alivyosema.

Sasa kuhusu mama yako. Aliporudi kutoka uwanja wa ndege alishukia kwangu kabla ya kwenda kwake. Alikaa jikoni hata kilemba hakufungua. Akasema, "Hakugeuka, Ontiri. Alimsikia." Alikuwa analia na anajivuna. Sikuwahi kukwambia kwa sababu nilidhani unajua. Kumbe hukujua, basi jua leo.

Hayo yote yalikuwa enzi za koo langu. Spika isiyotoa sauti ni sanduku la kuku kulalia. Nimeishi kwa sauti, na nitakwenda nayo.

Mjomba wako,
Ontiri

Kwamboka, hapa ni Mama Kemunto. Amenipa barua nipeleke posta na nimeifungua. Mjomba wako ana uvimbe kooni. Sauti imekwisha, ni mkwaruzo tu, ndiyo maana hataki simu. Hospitali ya Kisumu wamesema watoe sehemu yote inayotoa sauti, na wakiwahi atapona. Amekataa. Anasema bila sauti yeye si mtu. Mimi nimelia mpaka nimechoka. Msemeshe wewe.

*

Longbridge
5 Mei 2024

Mjomba Ontiri,

Leo salamu ni fupi. Sisi wazima, wewe si mzima, na uliniandikia habari za mbuzi na chifu.

Nina hasira nawe. Na bado kile ulichoniambia kuhusu mama kimenifungua kifua, na sijui nikushike wapi kwanza. Kukupiga nataka, na miguu yako nataka kuishika.

Nitakwambia kama nesi, mara moja tu. Nimewauguza watu waliotolewa sehemu hiyo. Wanapumua kwa tundu shingoni, wanakula, wanalima bustani, wanakosana na wake zao kwa kuandika. Uvimbe ukiachwa haukuachii sauti. Utachukua sauti na pumzi. Kwa hiyo sauti haiko tena kwenye mizani. Kilicho kwenye mizani ni wewe.

Sasa niongee kama mtoto wa benchi la mbele.

Jumapili iliyopita nilikwenda na Rosine kanisani kwao, Aston. Baada ya ibada watu hubaki wakila, maharage ya Wakongo na chapati za Wakenya, na watoto wanakimbia kati ya viti. Nilikuwa nimeinunua filamu ya Mchukuzi. Nikaomba ruhusa, tukaiweka ukutani, nikaizima sauti, nikakaa kando yake kama ulivyokuwa unakaa. Nikaanza. Mkwe mlevi akawa mkwe mlevi, na dada aliyelaaniwa akalaaniwa. Kule jirani, uwanja wa mpira ulikuwa umejaa, na mara kwa mara watu maelfu walikuwa wakinguruma pasipostahili, mzee akifunga kamba za viatu. Watu walicheka, Mjomba. Walimgombeza mlevi. Gesare aliacha kukimbia akaja kukaa sakafuni.

Tukafika stesheni. Nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Nilikuwa nalia. Mzee amesimama na kofia yake, binti anatembea, na mimi, niliyeyabeba maneno yale tangu utoto, nimebaki bubu mbele ya watu. Nikaona dakika inakwenda na treni itaondoka.

Basi nikasikia mtu kutoka viti vya katikati, taratibu, kwa sauti nzito: "Enda, mutoto wangu. Ukifika, ukule."

Alikuwa Rosine. Filamu ile alikuwa hajaiona hata siku moja. Hakunitazama, alikuwa anamtazama mzee. Na mzee alisema vile, Mjomba. Niliona midomo iliyofungwa ikisema. Hakuna aliyepinga, hakuna aliyedai hakusema hivyo. Wanaume walishusha vichwa. Rosine alimwacha mama yake Uvira akiwa kitandani, lakini hilo aliniambia baadaye, ndani ya basi. Nilipomuuliza kwa nini alisema yale, alinishangaa. "Njo vile alisema. Weye haukusikia?"

Umeelewa ninachokwambia? Koo lako halikuwepo Aston. Koo langu lilikuwepo likakataa. Mzee akapata pa kupitia. Sijui anapitaje. Nimelala na kuamka na jambo hili na bado nalistaajabia, na nadhani nitakufa nikilistaajabia. Ila najua kwamba halikai ndani ya shingo yako. Shingo ni yako ya kupumulia na kumezea ugali. Waache wakate.

Mama alikwenda sikumwona. Wewe sikupi ruhusa hiyo.

Kwamboka

*

Longbridge
30 Juni 2024

Mjomba,

Sijapata jibu. Simu ya Mama Kemunto haipatikani. Gesare amechora picha yako ukiwa na maiki, ingawa hajawahi kukuona nayo, na ameniagiza niitie humu.

Sina la kuongeza. Niandikie hata neno moja la matusi.

Kwamboka

*

Keroka
18 Agosti 2024

Kwako Kwamboka, na kwa Gesare mchoraji,

Naandika kwa mkono wangu, ukiona herufi zimelala ujue bado nina udhaifu. Mama Kemunto yuko hapa, amenona kwa furaha ila anakana. Simu yake iliibwa Kisumu siku ya kwanza hospitalini, na kwa muda wote ule hakuondoka kando ya kitanda, ndiyo maana ulinyimwa habari. Anaomba umsamehe. Picha tumeibandika juu ya redio. Masikio amenizidishia.

Walikata. Uvimbe wameutoa wote, wanasema, na nitakuwa narudi kupimwa. Nina tundu hapa chini ya shingo na kitambaa cheupe mbele yake. Nilipozinduka nilijaribu kumwita Mama Kemunto. Mdomo ulifanya kazi, ulimi ulifanya kazi, jina likatoka bila sauti, upepo ukapita mahali pengine. Nililia, na kilio nacho hakikusikika. Nakwambia ukweli, barua yako ilikuwa chini ya mto na nilikuchukia wewe, na Rosine, na yule Mhindi. Siku nyingi niligeukia ukuta.

Sasa nikusimulie kilichotokea, maana sijamsimulia mtu.

Kwenye wodi yetu kuna televisheni juu ukutani. Picha ipo, sauti hakuna, imeharibika na hakuna anayejali, kwani wengi wetu pale ni wagonjwa wa koo wasio na sauti. Mchana mmoja kulikuwa na mchezo wa kuigiza wa kigeni. Mama mmoja mnene wa gauni jekundu amemsimamia mumewe mezani, anafoka. Nilikuwa nimelala natazama tu. Bila kufikiri nikakuta midomo yangu inakwenda. Namsemea, bila sauti: Wewe Yakobo, mimi nimekupikia tangu enzi za kuni, leo unaniuliza chumvi iko wapi?

Nesi mmoja wa zamu, Jepchirchir, alikuwa anambadilishia kitambaa mgonjwa wa kitanda cha mbele. Kwa kazi yao wanasoma midomo yetu siku nzima, maji, maumivu, choo. Alinitazama usoni, akatazama juu, na nikamsikia akisema kwa sauti, yote, mpaka jina la Yakobo. Wagonjwa wakageuka kutazama televisheni. Nikaendelea, naye akaendelea. Mimi naumba, yeye anasikika, na yule mama wa gauni jekundu anafoka kwa Kiswahili kizuri cha kwetu. Vitanda vilikuwa vinatikisika kwa watu wasioweza kucheka.

Nilichoka upesi. Nikafumba mdomo, nikaegemea mto nipumzike. Na yule mama akaendelea kusema.

Kwamboka, niliugusa mdomo wangu kwa vidole kuhakikisha. Umefungwa. Jepchirchir alikuwa amenipa mgongo, anafunga bandeji, macho yapo juu kwenye televisheni, na mama wa gauni jekundu anamwambia Yakobo mambo ambayo mimi sikuyajua. Kuhusu shamba la mamake. Kuhusu mtoto aliyeondoka bila kuaga. Yakobo akainamisha kichwa, na nikaona kwa nini ameinamisha. Miaka yote nilikuwa kando ya televisheni na maiki, na sikuwahi kukaa wanakokaa watu. Siku ile nilikaa. Nikaona kwamba yale ya stesheni yaliponishangaza nilikuwa nimeonja tone tu, na ninyi benchi la mbele mlikuwa mnakunywa.

Nikataka kumjibia Yakobo. Nilikuwa na jibu zuri. Nikapiga ukingo wa kitanda ili nesi anitazame midomo.

Hakugeuka. Akaniambia, "Ngoja, mzee. Bado anaongea."

Nikangoja.

Mjomba wako,
Ontiri